Deni Lisilolipwa na Mwalimu

Mzazi mmoja alinijia baada ya ibada, akasema, "Mwalimu, mwanangu hana adabu. Mwamfundisha nini huko shuleni?" Nilikasirika kidogo, kisha nikanyamaza. Kwa maana jana yake mwanangu mwenyewe aliniomba nimsimulie habari za Yusufu na ndugu zake, nami nikamwambia aniache, nimechoka. Na habari hiyo hiyo nalikuwa nimeisimulia asubuhi mbele ya watoto 40 wa watu wengine.

Basi nikajiuliza: mtoto akiisha kupelekwa shule, je, deni la baba na mama limekwisha?

Nimesoma habari za mama mmoja Mwingereza, mkewe kasisi wa Epworth, jina lake Susanna Wesley, aliyezaliwa mwaka 1669 akafa 1742. Alizaa watoto 19, na wengi wao walikufa wangali wachanga. Msidhani kwamba alikuwa na nafasi kuliko mama zetu: mwaka 1705 mumewe alifungwa kwa ajili ya madeni, na mwaka 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto. Walakini aliwafundisha watoto wake mwenyewe nyumbani, tangu saa tatu hata saa sita, na tena tangu saa nane hata saa kumi na moja. Mtoto alipotimiza miaka mitano alipewa siku moja tu kujua herufi zote, kisha akaanza kusoma Mwanzo sura ya kwanza. (Mimi sithubutu kujaribu hayo darasani!) Na neno hili walisikie akina baba: hakukubali binti afundishwe kushona kabla hajajua kusoma vizuri. Ukali wake mwingine siusifu.

Baada ya moto watoto walitawanyika katika nyumba za watu, nao waliporudi walikuwa wameokota maneno na desturi mbaya. Ikampasa mama kuanza tena. Baadaye akaweka desturi ya kuzungumza na kila mtoto peke yake, jioni moja katika juma. Alhamisi ilikuwa ya John, ndiye yule aliyeanzisha Wamethodisti. Miaka ikapita, John akawa mtu mzima, mwalimu huko Oxford. Hata hivyo alimwandikia mamaye kumwomba ampe tena sehemu ndogo ya ile jioni ya Alhamisi. Hakuomba herufi, alikwisha kuzijua.

Mtu atasema, "Yeye alikuwa msomi, mimi sijui hata kuandika jina langu." Ndugu yangu, mtoto wako akusomee wewe, nawe umwulize maana yake, hapo mtajifunza wote wawili. Na baba yake Timotheo alikuwa Myunani, lakini imani ya kijana yule ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Tena kuna mafundisho yasiyo na kitabu: mtoto akiona umerudisha jembe la jirani kama ulivyoahidi, amekwisha soma.

Mwanangu hakumsahau Yusufu. Alhamisi iliyopita, tulipokwisha kula, tuliketi wawili tukafika mahali pa lile shimo. Akaniuliza, "Baba, Reubeni alitaka kumwokoa, mbona hakumtoa pale pale?" Sikuwa na jibu tayari. Tukakaa tukifikiri pamoja, hata taa ikaishiwa mafuta.