Tusi katika Wimbo

Watungaji wanaolitia tusi katika nyimbo zao aghalabu hujitetea kwa hoja mbili: kwamba ndivyo watu wasemavyo mitaani, na kwamba ghadhabu ya kweli haichagui maneno. Hoja hizi si za kubezwa, maana mtunzi asiyesikia lugha ya watu wake huimba peke yake, na aliyedhulumiwa ana haki ya kupaza sauti. Lakini yafaa tuulize: je, tusi humsaidia mtunzi kuisema ghadhabu yake, au humpokonya nafasi ya kuisema?

Mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri, aliimba kisa cha Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni huko Unguja kisha akatoroka, ilhali wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa na mahakama. Ikiwa kuna jambo lililostahiki matusi, basi ni hilo. Walakini Siti alimtaja muuaji kwa jina, akasimulia mambo yalivyokwenda, akamwachia msikilizaji aihukumu hukumu yenyewe. Tusi lingetuarifu kwamba mwimbaji amekasirika; masimulizi yalitukasirisha sisi, na hapo ndipo ilipo sanaa. Tusi humwenea mwizi wa kuku sawasawa na dhalimu wa nchi, na neno linalomwenea kila mtu halimshiki yeyote.

Hata hivyo, tusidhani kwamba ubaya umo katika neno peke yake. Katika miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana kwa mipasho, yaani nyimbo za taarab za kusemana kwa mafumbo, jijini Dar es Salaam, neno la aibu halikuhitajika: mwanamke aliinuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, akacheza taratibu mpaka mbele ya hasimu wake wakati ubeti ukiimbwa, na ukumbi mzima ukatambua nani kapashwa. Fumbo fasaha laweza kumdhalilisha mtu kuliko tusi la kilabuni. Basi asiyetukana asijihesabu mwema kwa hilo tu. Na sheria, kama Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania (BASATA) lilipoufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz mwaka 2018, yaweza kulizuia neno, lakini nia ya neno haina hakimu ila dhamiri ya mtunzi.

Dhamiri hiyo na izingatie mambo mawili. Kwanza, tusi la barabarani hufa pamoja na hasira iliyolizaa, bali la wimbo hukaririwa, hata mtoto akalijua kwa mahadhi kabla hajalijua kwa maana. Pili, na hili ndilo zito zaidi, matusi yetu mengi yamejengwa juu ya maungo ya wanawake, hata lile linalomkusudia dhalimu humpitia kwanza mama yake asiye na hatia.

Kwa hiyo siliharamishi tusi katika kila wimbo, kwa kuwa huenda mhusika katika kisa asiweze kusema vingine akabaki mkweli. Lakini mtunzi anayetaka kumpiga dhalimu na ampige yeye mwenyewe, amtaje na aeleze alilolitenda, asiwafanye wasiohusika kuwa fimbo ya kumchapia.