Sadaka ya Uani



Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunasema, "Nitatoa sadaka nikipata kazi." Lakini Anas bin Malik (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, ukaliwa na ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Ndege ametajwa waziwazi! Basi mlango uko wazi hata kwa asiye na shilingi mfukoni.

Nyuma ya hosteli zetu shomoro na njiwa wanahangaika, nasi tunamwaga wali jaani. Watandazie mtama, au wali usiotiwa chumvi. Watekee maji katika kisahani, ukioshe na kuyabadilisha kila siku, kwani uchafu huwaletea maradhi. Mkate ulioota ukungu usiwape. Sadaka si kutupa tusichokitaka. Na ukipata nafasi, panda mpera. Utawalisha hata baada ya wewe kuhitimu na kuondoka.

Wala usimwage punje ili umnase. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, akaamuru arudishiwe.

Ndege hatakushukuru, wala hatasimulia wema wako kwa watu. Hapo ndipo ikhlasi inapopimwa.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe Wake, na atakabali kidogo chetu. Aamin.