Kumshawishi Muumini

Mei 2010 mahakama ya Malawi iliwahukumu Steven Monjeza na Tiwonge Chimbalanga miaka 14 jela kwa uhusiano wa jinsia moja. Tarehe 29 ya mwezi huohuo, Ban Ki-moon akiwa Lilongwe, Rais Bingu wa Mutharika aliwasamehe, huku akisisitiza kwamba walikosea mila, dini na sheria. Shinikizo lilifungua gereza, lakini halikubadili imani.

Ndiyo maana baadhi ya watetezi huwaendea waumini kwa lugha ya imani. Mwaka 2013, mjini Cape Town, Askofu Desmond Tutu alisema angekataa kuingia mbingu inayowachukia wapenzi wa jinsia moja, akalifananisha suala hilo na ubaguzi wa rangi.

Mimi nimelelewa kanisani kambini Dzaleka, sasa naishi Mtandire. Najiuliza: je, ni haki kuyatumia Maandiko kama chombo cha kushawishi? Naona jibu liko kwa msemaji. Mungu aliyemtaja Tutu ndiye aliyemwabudu. Lakini anayenukuu aya asiyoiamini, ili mradi nikubali, ananichezea.

Hata hivyo, kipimo hicho kinatugeukia sisi waumini pia. Tunaponukuu aya kumhukumu jirani, je, tungeipokea ikituhukumu sisi? Sisi wakimbizi tunajua uchungu wa kuhukumiwa na mtu ambaye hajatusikiliza. Basi anayetaka kunishawishi aamini anachosema. Nami nimsikilize kabla sijafungua Kitabu.