Asilimia Sabini ya Nani?

Kila mwaka Marekani, kuanzia Januari, huchezwa mechi 13 ambazo watu wazima wenye kazi na shahada zao huamini kwamba wanaweza kuzitabiri. Ni mechi za mtoano za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Timu 14 zinaingia, anayefungwa anarudi nyumbani, na mbili zinazobaki hukutana kwenye Super Bowl mwezi Februari. Nasomea shahada ya uzamili ya takwimu huku, na msimu huo ukifika karibu kila mwenzangu darasani ana modeli yake kwenye kompyuta. Mimi pia ninayo. Sikuukulia mchezo huu. Mara ya kwanza niliona wanaume wenye kofia ngumu wakigombania kitu kama papai. Lakini namba zake nilizielewa kabla ya sheria zake, na namba hizo ndizo zilizonitia kwenye swali ambalo si la takwimu.

Ugumu wa kutabiri unaanza na mfumo wenyewe. Kwenye NBA wapinzani hukutana hadi mara saba, kwa hiyo timu bora ikiteleza siku moja ina nafasi ya kujirekebisha. NFL ni mechi moja, basi. Januari 2011, Seattle waliingia mtoano wakiwa wameshinda mechi saba na kupoteza tisa, wakawafunga mabingwa watetezi New Orleans 41–36. Miaka mitatu kabla ya hapo New England walifika Super Bowl wakiwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja, wakafungwa na New York Giants 17–14. Watangazaji wetu husema mpira unadunda. Huu wa kwao una ncha mbili, na ukidunda hata aliyeuangusha hajui unaelekea wapi.

Kwa hiyo mtabiri makini hasemi nani atashinda. Anasema asilimia. Rafiki yangu wa idara ya falsafa anauona huo kuwa ujanja mtupu. "Ukisema 70 wakashinda, unasema ulijua," aliniambia. "Wakifungwa, unasema zile 30 zilikuwepo tangu mwanzo. Sasa wewe utakamatwa lini?"

Jibu la vitabuni lipo. Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa, Glenn Brier, alichapisha njia ya kumkamata mtu wa namna hii. Unachukua tofauti kati ya alichosema na kilichotokea, unaizidisha kwa yenyewe, na hiyo ndiyo adhabu yake. Aliyesema 70 na timu ikashinda anapata 0.09, ikifungwa anapata 0.49. Unaendelea kujumlisha. Mechi alizozipa 70 zinatakiwa kushindwa saba katika kila kumi. Zikiwa tano, alikuwa anajigamba. Zikiwa tisa, alikuwa mwoga. Muda ukipita, mkweli na mbabaishaji wanatengana.

Shida ni hayo maneno, muda ukipita. Mtabiri wa mvua ana siku 365 za kujipima kila mwaka. Wa mtoano ana mechi 13. Nilipiga hesabu: watu mia wakitabiri mechi hizo kwa kurusha sarafu, 13 hivi kati yao watapatia tisa au zaidi. Mpe mmoja wao maikrofoni na koti zuri, na msimu ujao anaitwa mchambuzi. Hakuna aliyedanganya, na hakuna anayejua kitu.

Wakati mtabiri anaomba apimwe kwa miaka ishirini, watu anaowatabiri wanapimwa kwa jioni moja. Februari 1, 2015, sekunde 26 zikiwa zimebaki, Seattle walikuwa nyuma ya New England 28–24, na mpira ulikuwa yadi moja kutoka mstari wa kufungia. Walikuwa na Marshawn Lynch, mkimbiaji ambaye kumwangusha chini ilikuwa kazi ya watu watatu. Kocha Pete Carroll akachagua pasi. Malcolm Butler, kijana wa msimu wa kwanza ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, akainasa. Mechi ikaisha hapo, na mpaka leo watu wanauita uamuzi ule wa kijinga kuliko yote.

Sidhani ulikuwa wa kijinga. Saa ilikuwa inakwenda, na pasi isipodakwa husimamisha saa, kwa hiyo ingewaachia nafasi ya kujaribu tena. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya jambo hili na kuliita bahati ya kimaadili. Madereva wawili hawakukagua breki, mtoto akakatiza mbele ya mmoja tu, na huyo ndiye tunayemwita muuaji. Nikiwa na kalamu mkononi namtetea Carroll bila shida. Ila najua utetezi wangu una kasoro: naazima mechi elfu moja za kufikirika ambazo katika hizo uamuzi ule unalipa, na yeye hakupewa elfu moja. Alipewa ile moja, na wachezaji wake vilevile, wengine wao hawakufika tena fainali.

Nisingeyachukulia haya kwa uzito kama yangebaki darasani. Tangu Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoyaachia majimbo kuruhusu kubeti kwenye michezo, asilimia zetu zimekuwa bidhaa. Tena bidhaa hiyo inasafiri. Mdogo wangu yuko Morogoro, anauza makava ya simu, hajawahi kutazama mchezo huu hata dakika kumi, lakini anaukuta kwenye simu yake chini ya mechi za Simba na Yanga. Raundi ya pili ya mtoano ina mechi nne. Yeye anaona mkeka wa timu nne. "Dada, si ndiyo hayo unayosomea huko? Nipe za uhakika."

Tuseme modeli yangu inazipa timu zake zote 70. Kila namba peke yake inaonekana nono. Zote nne kwa pamoja zina asilimia 24, yaani robo haifiki. Hiyo ni hesabu, naweza kumfundisha kwa dakika tano. Nisichoweza kumpa ni ule muda mrefu ambao ndani yake 70 ina maana. Kampuni ya kubeti inao. Inapokea mikeka usiku na mchana na wastani unaifanyia kazi. Yeye ana elfu kumi ya Jumamosi hii, na ni hela ya kununulia mzigo.

Nikimwambia 70 nasema kweli. Yeye anasikia "ndiyo." Wapo wanaosema uongo uko kwenye nia ya msemaji, na nia yangu ni safi, basi yameisha. Mimi naona hiyo ni njia rahisi mno ya kutoka. Namjua mdogo wangu. Najua neno litakavyosikika kabla halijanitoka, na nikilitoa hivyohivyo nikajificha nyuma ya usahihi wake, sioni nimemzidi nini mnajimu wa redioni. Afadhali mnajimu, maana wasikilizaji wake wanajua wanasikiliza nini. Wenzangu darasani wanasema mtu mzima achague mwenyewe, tusimfanye mtoto. Nakubali kwamba si mtoto. Lakini kuchagua kunataka namba iliyo yake, kwa pesa yake na kwa jioni yake, na sisi tunawapa watu namba za kampuni.

Kwa hiyo simpi 70 tena. Msimu huu aliponitumia timu zake nne, nilimwandikia namba moja tu, 24, na chini yake: katika Jumamosi nne kama hii, tatu utalala huna hela ya mzigo.

Alikaa kimya kama dakika mbili hivi. Kisha akajibu: "24 si haba, dada."