Mwaka Usio Mzima

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili Lokori, Turkana Mashariki nchini Kenya, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliandika katika insha yake: "Mwaka ule haukuwa mzima." Nikapiga mstari mwekundu chini ya sentensi, na pembeni nikaandika "mbaya". Mwaka wenye shida huitwa mwaka mbaya, ndivyo nilivyofunzwa na ndivyo nilivyofunza. Alipokuja kuchukua daftari aliniuliza kwa adabu kosa liko wapi. "Mwalimu, Januari tulikuwa na mbuzi. Desemba hatukuwa nao. Huo ni mwaka mzima?"

Sikuwa na jibu, na miaka imepita bado ninalitafuta. Kivumishi hiki, -zima, kina maana mbili tunazozitumia bila kuzitenganisha: kitu kisichopungua, na kitu kilicho hai. Chungu kizima hakina ufa. Mgonjwa aliyepona ni mzima. Tukisema "nilikungoja siku nzima" tunaikumbuka maana ya kwanza tu, kwamba hakuna saa iliyokatwa. Kijana yule aliishika ya pili. Aliutazama mwaka kama mtu anavyomtazama mnyama aliyerudi zizini jioni, akaona haukurudi na uhai wake wote. Sentensi yake ilikuwa sahihi kuliko masahihisho yangu.

Basi tunapouvumisha wakati, tunavumisha nini? Jiwe jeusi ni jeusi hata pasipo mtu wa kulitazama. Wakati hauna ngozi ya kupakwa rangi wala mwili wa kupimwa kwa kamba. Sarufi ndiyo inayoukopesha mwili. Mwaka umewekwa katika ngeli moja na mti na mto, kwa hiyo tunasema mti mrefu, mto mrefu, mwaka mrefu, na ulimi hausiti. Lakini urefu wa mti uko kwenye mti. Urefu wa mwaka uko kwa aliyeungoja uishe.

Waingereza nao walikuja na vivumishi vyao vya majira. Walizigawa mvua zetu kuwa ndefu na fupi, na hadi leo redioni utasikia mtangazaji akisema "msimu wa mvua ndefu". Pwani walikuwa na masika na vuli zamani za kale, na hayo ni majina. Tofauti si ndogo. Masika yakinyesha siku tatu yakakatika, yanabaki kuwa masika, masika mabovu. Mvua "ndefu" ikinyesha siku tatu, neno lenyewe limegeuka uongo. Na huku Turkana, ambako Lodwar hupata takriban milimita 200 tu kwa mwaka, nazo huja zikiwa zimetawanyika, neno "ndefu" limesemwa mara nyingi kuliko lilivyoonekana. Waturkana wana akiporo, majira ya mvua na majani, na akamu, majira ya ukavu. Wazee niliokaa nao hawakuwa wakiniambia kwamba akiporo ilikuwa fupi. Waliniambia haikuja. Jina linaweza kukosa kuja, kama mgeni aliyetarajiwa. Kivumishi hakiwezi kukosa kuja, kwa sababu kilikwisha kuandikwa kwenye kalenda.

Kiswahili chenyewe, kikiachwa kiseme kwa mazoea yake, hakikimbilii vivumishi sana linapokuja suala la wakati. Mtu aliyekosa usingizi hakeshi "usiku mrefu", anakesha usiku kucha. Aliyelima bila kupumzika alilima mchana kutwa. Kucha na kutwa ni vitenzi: jua linachomoza, jua linazama. Usiku wa namna hiyo umebeba mwisho wake ndani yake, na mwenye kukesha anajua anangoja nini. Ndiyo maana napenda pia methali isemayo hakuna marefu yasiyo na ncha. Hayo marefu hayakutajwa ni nini, kila msikilizaji anayajua yake.

Vivumishi vinavyotawala maisha ya Lokori leo, hata hivyo, havitoki kwenye methali. Vinatoka kwenye taarifa ya kila mwezi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2016, hukipa kila kipindi sifa yake katika kila kaunti kame: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, halafu kupata nafuu. Chimbuko la mpango huo liko hapahapa Turkana, katika miaka ya 1980. Sifa hizo hazitungwi kwa kubahatisha. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi kwa miezi mitatu: alama chini ya 10 ni ukame uliokithiri, 10 hadi 20 ni mkali, 20 hadi 35 ni wa wastani, na 35 kwenda juu ni kawaida au zaidi yake. Huko chini wahojiwa huulizwa maziwa yanayokamuliwa, bei ya mbuzi sokoni, umbali wa kwenda majini. Na mikono ya watoto hupimwa.

Nimeuona upimaji huo kwa karibu. Mtoto anapakatwa na mama yake chini ya kivuli cha mgunga, mkono wa kushoto unakunjwa ili sehemu ya katikati kati ya bega na kiwiko ipatikane, kisha unanyooshwa na kuachwa uning'inie. Utepe unazungushwa pale katikati, unavutwa taratibu bila kukaza, na mpimaji anasoma kwenye kidirisha chake kidogo. Zaidi ya sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Chini ya hapo ni nyekundu. Mtoto anautazama utepe kama bangili aliyoletewa. Mama hatazami mkono, anatazama uso wa mpimaji. Kutokana na mikono mingi ya namna hiyo, pamoja na maziwa na mbuzi na majani, mwezi wote wa kaunti nzima unapata kivumishi kimoja.

Silidharau jambo hili. Kivumishi hicho kina fedha ndani yake. "Tahadhari" ikigeuka "hatari", malori ya maji huweza kutoka. Rais Uhuru Kenyatta alipoutangaza ukame kuwa janga la kitaifa, tarehe 8 Septemba 2021, neno lilifungua milango iliyokuwa imefungwa. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, na bila maneno yale wengi zaidi wangeangamia. Ninachouliza ni neno moja tu katika orodha, na ni lile linaloonekana halina madhara: kawaida.

Kawaida ya nani? Wastani wa miaka iliyopita, watajibu, na ni jibu la haki. Lakini wastani unakula kila tunachoulisha. Miaka ya ukame ikiongezeka katika hesabu, wastani unashuka, na mwaka ambao babu angeuita wa taabu unamfikia mjukuu ukiwa umevaa jina la kawaida. Hakuna aliyedanganya mahali popote. Neno limebaki palepale, ardhi iliyo chini yake imeshuka. Kila ninaposoma kwamba Turkana Mashariki iko katika hali ya kawaida, nafurahi kwanza, kisha naogopa.

Kakuma wana kivumishi chao kizito zaidi. Kambi ya wakimbizi ya huko ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita Sudan, na ikaitwa makazi ya muda. Waliozaliwa humo miaka ya kwanza sasa wana watoto wao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lina neno jingine kwa hali inayopita miaka mitano, likihusu watu 25,000 au zaidi wa taifa moja: ukimbizi wa muda mrefu. Angalia Kiswahili kinavyofichua jambo. "Ya muda" maana yake ni ya kupita. Ukiongeza "mrefu" tu, maana imepinduka: sasa ni ya kukaa. Mtu amehamishwa kutoka kwenye kupita hadi kwenye kukaa kwa kivumishi kimoja, bila yeye mwenyewe kusogea hata hatua.

Na neno hilihili "mrefu" tunalitumia Kanapoi, kaskazini ya Lokori, ambako mifupa ya viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni nne na zaidi iliyopita imefukuliwa. Muda mrefu sana, tunasema, kama tunavyosema kwenye foleni ya zahanati. Sidhani lugha yoyote ina kivumishi cha kutosha pale.

Waturkana walipopata msiba usiotoshewa na sifa, waliupa jina. Kipindi cha 1979 hadi 1981, ukame ulipofuatana na magonjwa ya mifugo na uvamizi wa silaha zilizozagaa baada ya Idi Amin kuanguka, kinaitwa Lopiar, kwa maana ya kufagia. Mwaka mbaya unaweza kufanana na mwaka mwingine mbaya. Lopiar haifanani na kitu, na hakuna ofisi inayoweza kuishusha daraja.

Mzee mmoja aliyekuwa kijana wakati huo alikaa nami jioni kando ya Kerio, mto ukiwa mchanga mtupu na wanawake wakichota maji kwenye visima walivyochimba humo. Nilimuuliza, kwa mazoea ya mwalimu, kama Lopiar ilikuwa ndefu.

Alilifikiria swali, akaliona halikukaa sawa. Akaanza kunitajia ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa majina na kwa rangi, na mahali kila mmoja alipolala. Giza lilituingilia akiwa bado anataja.