Kumwonya Ambaye Huenda Hajakosea

Pita mitaa ya Mbagala, Kigamboni au Bunju, hukosi kukutana na maandishi makubwa ukutani: nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli. Wengi wetu tunaopita hapo hata hela ya kununulia tofali hatuna. Ila sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba ukuta umemtuhumu. Tunasoma, tunapita.

Waandishi wa programu za kompyuta hawana uvumilivu huo. Kwa miaka mingi wamebishana juu ya swali ambalo kwangu ni la maadili kuliko la ufundi: je, ni haki mashine kumwonya mtu ambaye huenda hajakosea?

Nieleze kidogo. Kompaila ni programu inayochukua maelekezo yaliyoandikwa na binadamu na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Ikikuta kosa la sarufi inagoma, na hapo hakuna mjadala. Lakini kuna hali ya pili. Maelekezo ni halali na mashine inaweza kuyatekeleza, ila kompaila inanusa kitu. Katika lugha ya C, alama moja ya = maana yake ni "weka"; zikiwa mbili, ==, maana yake ni "linganisha". Mtu anayetaka kuuliza kama salio ni sifuri, akisahau alama moja, programu yake haiulizi tena: inalifanya salio kuwa sifuri. Na bado wapo wanaoandika alama moja hapo kwa makusudi, na wako sahihi. Kompaila haiwezi kuingia moyoni mwa mtu. Basi inatoa onyo, kisha inaendelea na kazi.

Kijana mmoja wa Tandika ninayemfahamu, anayetengeneza mifumo ya maduka ya dawa, ameyazima maonyo yote. "Kaka, ukikaa kusoma yale hutamaliza kazi," aliniambia. Ana hoja. Mchunga mbuzi akipiga kelele za chui kila jioni, siku chui akija kweli hakuna atakayetoka ndani. Sisi wenyewe tukituma pesa kwa simu tunaonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Wangapi tunalisoma? Kidole kimeshazoea.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ina kompaila isiyotoa maonyo kabisa. Jambo likiwa kosa, inagoma; lisipokuwa kosa, inanyamaza. Mashaka yaliyobaki yameachiwa programu nyingine ya ukaguzi. Wazo hilo la kutenganisha kazi si geni: mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs alitengeneza lint, programu ya kukagua tu, iliyokuwa ikitafuta mambo ya kutilia shaka katika programu za C.

Madhara ya onyo si kelele peke yake. Mwaka 2006, chombo cha ukaguzi kilitilia shaka mistari miwili katika OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano ya intaneti. Mtunzaji mmoja wa mfumo wa Debian aliiondoa mistari hiyo, na onyo likanyamaza. Kumbe mmoja wao ndio uliokuwa unaingiza ubahatishaji unaofanya ufunguo usitabirike. Kwa karibu miaka miwili, hadi Mei 2008, mashine za Debian na jamaa zake zilitengeneza funguo ambazo kwa kila aina na ukubwa zilikuwa takriban 32,000 tu. Mwizi mwenye kompyuta ya kawaida angeweza kuzijaribu zote.

Sasa tazama upande wa pili. Februari 2014 Apple walirekebisha kosa katika programu inayohakiki kama tovuti unayozungumza nayo ndiyo yenyewe. Mstari mmoja ulikuwa umejirudia, na ule wa pili uliifanya programu iruke hatua ya kukagua sahihi. Kisarufi haukuwa na kasoro. Kulikuwa na onyo la kompaila ambalo lingenyoosha kidole mahali pale pale, lakini kwa kawaida lilikuwa limezimwa.

Mkasa mmoja unasema onyo linaua, mwingine unasema linaokoa. Mimi naona yote miwili inasema jambo moja. Ubishi huu umekuwa ukipima hisia za watu wawili tu, mwandishi na mashine yake, wakati anayelipia kosa hayupo chumbani. Ni mgonjwa wa Temeke aliyeandikiwa dozi na mfumo, ni mwenye salio lililofanywa sifuri. Ule ukuta wa Mbagala nao haumsemi mpita njia. Unamsemea mwenye nyumba ambaye hayupo. Ndiyo maana haututusi.

Kwa hiyo naunga mkono maonyo, kwa masharti. Anayeonya aseme sababu, na akipewa jibu akubali. Katika C unaweza kuzungushia mabano mawili mahali penye shaka, na kompaila ikaelewa kwamba umekusudia. Huo ndio ustaarabu: umeulizwa, umejibu, yameisha. Naye anayeonywa ana wajibu wa kuelewa kabla hajatii. Yule wa Debian alisikia onyo; kilichopungua ni kujua mistari ile ilikuwa inafanya nini.

Tena anayeonya sharti aijue lugha ya anayemwonya. Sisi waandishi wa Kiswahili tunalijua hili vizuri. Programu iliyojifunza maneno kwa orodha haiwezi kumaliza maumbo ya kitenzi kimoja. Andika "hatutawaambia" na inakupigia mstari mwekundu. Ukionywa hivyo kila siku kwa lugha ya mama yako, unaanza kuamini kwamba mwenye kasoro ni wewe. Hilo si onyo tena.

Kijana wa Tandika nimemshauri asiwashe yote kwa mkupuo. Aanze na lile la alama moja ya =. Mgonjwa aliye dirishani hajui kompaila ni nini, na wala hapaswi kujua.