Swichi Isiyojulikana Kazi Yake

Katika nyumba nyingi za kupanga ipo swichi ukutani ambayo ukiibonyeza huoni kitu. Taa haiwaki, wala feni haizunguki. Basi mtu husema, "Hii haina kazi," akaiacha vyovyote ilivyo.

Je, kutokuona kazi ya kitu ni sawa na kitu hicho kutokuwa na kazi? Swichi huunga au hukata njia ya umeme, na waya wake waweza kupita darini hadi pampu ya uani, au friji ya chumba cha pili. Ukiizima, wewe huna hasara. Samaki watakaooza ni wa mwenzako. Mwanasheria wa Luka 10 aliuliza jirani yake ni nani. Hapa jirani haonekani hata kidogo, naye ndiye alipaye gharama ya jaribio letu.

Kujaribu si dhambi. Ubaya ni kujaribu kimya kimya. Bisha hodi kwanza, mmoja asimame uani, mwingine abonyeze. (Kufungua kifuniko mwachieni fundi, volti 230 hazina huruma.) Mkiisha kujua, andikeni kazi yake pembeni kwa ajili ya mpangaji ajaye.